Kuua Bakteria Si Kuponya Jino

Chukua kikaratasi cha duara, kichovye kwenye maji ya majani yaliyosagwa, kiweke juu ya sahani ya maabara iliyopandwa bakteria wa kinywani, kisha iache sahani hiyo usiku kucha kwenye joto la mwili wa binadamu. Kesho yake ukiifunua utakuta bakteria wametanda kote isipokuwa kwenye duara safi linalokizunguka kikaratasi. Mtafiti anapima upana wa duara hilo kwa rula, anaandika milimita alizopata, na makala inachapishwa: dondoo la mmea fulani limezuia ukuaji wa Streptococcus mutans, bakteria anayehusishwa na kuoza kwa meno. Muda si mrefu duara lile linageuka kuwa ahadi iliyobandikwa kwenye chupa: huzuia meno kuoza.

Silidharau duara lile. Mtu aliyelipima amefanya kazi ya kweli, na mara nyingi alichokiona ni sahihi. Kinachonisikitisha, baada ya kusoma makala nyingi za aina hii, ni kwamba karibu zote zinaishia palepale zilipoanzia. Mimea mingi ina nguvu dhidi ya bakteria. Hilo halihitaji tena kuthibitishwa kila mwaka kwa jani jipya. Tumeiuliza mimea swali jepesi, kama inaua bakteria, tukaliacha swali la mgonjwa: mtu akiitumia kwa miaka miwili, je, meno yake yatakayotoboka yatapungua? Fizi zake zitaacha kuvuja damu?

Si jambo dogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa karibu watu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na watatu kati ya kila wanne wanaishi katika nchi za kipato cha kati. Wengi wao daktari wa meno yuko mbali au hawamudu gharama zake, na mmea uko karibu. Hao ndio wanaostahili jibu lililo kamili.

Kinywa hakifanani na sahani. Bakteria wa kwenye sahani ni wa spishi moja, wamezungukwa na dawa usiku mzima, hawana pa kujificha. Wa kwenye jino wanaishi ndani ya ukoga, ule utando unaousikia kwa ulimi asubuhi kabla hujapiga mswaki. Humo mna spishi nyingi zilizoshikamana kwa ute ambao baadhi yao huutengeneza kutokana na sukari tunayokula. Dawa hugusa tabaka la juu, walio chini wakabaki. Halafu kuna mate, nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, yanayozimua kila kinachoingia na kukipeleka tumboni. Dondoo lililopewa usiku kucha kwenye sahani linapewa nusu dakika kinywani, kisha linatemwa.

Lakini tuseme mmea umevuka vikwazo vyote hivyo na umeua kweli. Jino limepona? Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo.

Ipo dawa ya kusukutua iitwayo klorheksidini, ambayo kwa miongo mingi imekuwa kipimo cha kulinganishia dawa nyingine zote za kinywa. Inaua bakteria kwa nguvu, na hata baada ya kuitema inaendelea kung'ang'ania kwenye meno na fizi kwa saa kadhaa. Kama kuua bakteria ndiko kuzuia kuoza, hakuna ambayo ingeishinda. Mwaka 2015 wapitiaji wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua majaribio ya tiba, walikusanya majaribio ya jeli na vanishi za klorheksidini kwa watoto na vijana. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba inazuia meno kuoza. Sasa iweke kando ya floraidi, madini ambayo uwezo wake wa kuua bakteria ni mdogo sana ikilinganishwa na klorheksidini. Uchambuzi wa mtandao huohuo wa mwaka 2003, uliojumlisha majaribio 70 na watoto zaidi ya 42,000, ulionyesha kuwa dawa ya meno yenye floraidi hupunguza kuoza kwa wastani wa asilimia 24.

Ajabu hiyo inafumbuka ukijua jino linaozaje. Mwaka 1890 Willoughby Miller, Mmarekani aliyekuwa akifanya utafiti Berlin, alieleza kuwa bakteria huchachua wanga na sukari, na asidi inayotokana na uchachu huo ndiyo inayolila jino. Siku hizi tunajua kiasi chake: pH ya kinywani, kipimo ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli, lile ganda gumu la nje la jino, huanza kupoteza kalsiamu na fosfeti. Mate yakipata nafasi hurudisha madini hayo. Mvutano huu unaendelea mchana kutwa, na jino hutoboka pale upande wa kupoteza unapozidi upande wa kurudisha kwa miezi na miaka. Floraidi huusaidia upande wa kurudisha, na enameli iliyopata floraidi hustahimili asidi kali zaidi. Dawa ya kuua bakteria inawapunguza kwa muda tu. Wanarudi, wanakuta sukari ileile, kazi inaendelea.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba mwarobaini, manjano au majani ya chai yamezuia Streptococcus mutans kwenye sahani, nauliza mambo ambayo kwa kawaida sahani haiwezi kuyajibu. Uzalishaji wa asidi umepungua? Enameli imepoteza madini kidogo zaidi? Na kama watu wametumia, ni wangapi na kwa muda gani? (Mmea wa chai, kwa kweli, hukusanya floraidi kutoka ardhini na kuihifadhi kwenye majani. Anayetaka kitu asilia na wakati huohuo anaiogopa floraidi hana budi kulitafakari hilo.)

Historia ya floraidi yenyewe inaonyesha jinsi jambo linavyofuatwa hadi mwisho. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana madoa ya kahawia kwenye meno. Alipoendelea kuchunguza aligundua kwamba meno hayo yenye madoa yalikuwa hayaozi kirahisi. Ilichukua miaka 30, hadi 1931, wanakemia walipobaini kuwa chanzo ni floraidi nyingi kwenye maji ya kunywa. Kisha ukaja utafiti wa daktari wa meno Trendley Dean wa kutafuta kiwango kinacholinda meno bila kuyatia madoa. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, Marekani, ulianza kutia kiwango hicho kwenye maji yake, na baada ya miaka 11 kuoza kwa meno ya watoto waliozaliwa tangu hapo kulikuwa kumepungua kwa zaidi ya asilimia 60. Kilichoanza kama doa kwenye jino kilifuatwa kwa zaidi ya miaka hamsini. Ni mmea upi wa kinywa umepewa hata robo ya uvumilivu huo?

Mmoja umekaribia. Zailitoli ni sukari isiyochachuka kinywani ambayo ilipata umaarufu kupitia utafiti wa Turku, Ufini, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hapo awali ilitengenezwa kutokana na mti wa birchi. Hii haikuishia kwenye sahani. Ilipewa watu, ikapewa miaka. Matokeo yake ni ya kiasi: uchambuzi wa Cochrane wa 2015 ulipata majaribio mawili yenye watoto 4,216, yakionyesha kuwa dawa ya meno yenye floraidi pamoja na zailitoli ilipunguza kuoza kwa asilimia 13 zaidi ya floraidi peke yake katika miaka mitatu hivi. Ushahidi huo wenyewe uliwekwa daraja la chini. Wengine husoma hayo wakavunjika moyo. Mimi nayasoma kama mafanikio, kwa sababu sasa tuna namba ya kushikilia, na namba hiyo ilipatikana kwenye meno ya watoto halisi.

Kwenye fizi habari ni tofauti, na ninadhani mimea inastahili kusikilizwa zaidi huko. Mwaka 1965 Harald Løe na wenzake, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba na kuvuja damu. Waliporudia kupiga mswaki, fizi zilirudi katika hali yake kwa takriban wiki moja. Utafiti huo mdogo ulimaliza ubishi mrefu: ukoga ukikaa, ufizi unaugua, ukiondolewa, unapona. Hapa hakuna haja ya kungoja miaka mitatu ili kuona kama dawa inafanya kazi. Miezi sita inatosha kusema jambo la maana, na mafuta ya mimea yamekwisha kupimwa kwa muda huo: dawa za kusukutua zenye thimoli ya zaatari, yukaliptoli ya mkaratusi na mentholi ya mnanaa hupunguza ukoga na uvimbe wa fizi zikiongezwa juu ya mswaki. Zikiongezwa, nasema. Hazichukui nafasi yake.

Halafu upo mswaki wa mti wenyewe, Salvadora persica, ambao nauona kuwa ndio mfano wenye mafunzo mengi kuliko yote. Mwaka 2011 watafiti wa taasisi ya Karolinska, Sweden, walichapisha kazi iliyobaini kuwa mzizi wa mti huu una kemikali iitwayo benzili aisothiosayaneti, inayowaua upesi bakteria wa kundi la Gram-hasi (bakteria wengi hugawanywa katika makundi mawili, Gram-hasi na Gram-chanya, kwa jinsi ukuta wao unavyopokea rangi ya maabara), wakiwamo wale wanaohusishwa na maradhi makali ya fizi. Ni ugunduzi mzuri. Lakini Streptococcus mutans, anayehusishwa na kuoza kwa jino, ni wa kundi la Gram-chanya, na kundi hilo halikuathirika sana. Yaani kemikali hiyo inaelekea zaidi kwenye tatizo la fizi kuliko la matundu, na kuandika kwamba mswaki wa mti hutibu kila kitu kinywani ni kuusemea zaidi ya ulivyojisemea wenyewe.

Tena kuna jambo ambalo wapenzi wa kemikali hulipita haraka: mswaki ule ni burashi. Nyuzi zake zinakwangua ukoga. Majaribio yaliyoulinganisha na mswaki wa plastiki yamekuwa yakionyesha kuwa mtu aliyefundishwa kuutumia vizuri anaweza kuondoa ukoga kwa kiwango kinachokaribiana. Anayeusugua kwa nguvu mbele tu, akiyaacha magego na upande wa ndani, anajipatia fizi zilizorudi nyuma mbele na ukoga uliotulia nyuma. Ni kiasi gani cha manufaa hutoka kwenye utomvu, na kiasi gani hutoka kwenye mkono? Utafiti unaotaka kujua sharti uwe na kundi linalotumia kijiti kisicho na dawa yoyote. Bila kundi hilo tunausifia mzizi kwa kazi ya mkono.

Nimeiweka karafuu hapa makusudi, kwa sababu ndipo mmea unapofanya kazi kweli na bado unaweza kumponza mtu. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, na yujenoli hutia ganzi. Madaktari wa meno wenyewe wameitumia kwa zaidi ya karne moja, wakiichanganya na oksidi ya zinki kwa ajili ya kuziba jino kwa muda. Anayesema karafuu ni imani tu hajui anachokisema.

Lakini maumivu ya jino ni taarifa. Kuoza kukifika kwenye moyo wa jino, kule kwenye mishipa ya damu na ya fahamu, jino huuma hata usiku. Ukitia karafuu, linanyamaza. Siku kadhaa baadaye linaweza kunyamaza lenyewe, bila karafuu, na hapo mtu anashukuru na kuendelea na shughuli zake. Mara nyingi lililotokea ni kwamba moyo wa jino umekufa. Bakteria sasa wako huru kushuka hadi kwenye mzizi na kutengeneza usaha ndani ya taya. Maambukizi yakitokea kwenye magego ya chini yanaweza kuenea chini ya ulimi na shingoni, yakauinua ulimi na kuziba njia ya hewa. Hali hiyo ilielezwa na daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig mwaka 1836, na hadi leo inaua watu ambao safari yao ilianza na tundu dogo. Chupa ya mafuta ya karafuu ingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya kumvusha mtu usiku mmoja hadi amfikie daktari wa meno. Na iwekwe mbali na watoto: mtoto mdogo akiyanywa mafuta hayo, hata mililita chache, ini lake linaweza kuharibika vibaya.

Hapo ndipo neno asilia linaponitia wasiwasi. Popoo ni tunda la mti, na limetafunwa kwa karne nyingi kwa imani kwamba linaimarisha meno. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilithibitisha mwaka 2004 kuwa kutafuna tambuu yenye popoo husababisha saratani ya kinywa hata pasipo tumbaku. Mmea wa Amerika Kaskazini uitwao Sanguinaria canadensis ulikuwa na sifa zote za kupendeza maabara. Ukatiwa kwenye dawa za meno na za kusukutua, hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti Marekani walipouhusisha na mabaka meupe kinywani, aina ya mabaka ambayo mengine hugeuka saratani. Kusugua meno kwa limau ili yang'ae ni kuyaosha kwa asidi. Mng'ao unaouona ni enameli ikiondoka, na enameli haioti tena. Mkaa nao hukwangua, na ushahidi kwamba unalinda jino haupo.

Kwa nini basi utafiti unakwama kwenye sahani? Sababu moja ni fedha. Jaribio la miaka mitatu lenye mamia ya watoto, madaktari waliofunzwa kuhesabu matundu kwa namna moja, na ufuatiliaji wa wanaohama, ni ghali mno. Ni vigumu mtu kumiliki hataza ya jani linaloota lenyewe, kwa hiyo kampuni haioni faida yake. Sahani ni rahisi, mwanafunzi anaimaliza ndani ya muhula. Sababu nyingine ni mmea wenyewe: dondoo la maji halifanani na la alkoholi, mzizi haufanani na jani, uliochumwa kiangazi haufanani na wa masika. Makala nyingi hazisemi ni kiasi gani cha kemikali ipi kilikuwemo, kwa hiyo hata mtafiti mwenye fedha hawezi kulirudia jaribio.

Na hata watu wanapohusishwa, mara nyingi ni wachache, kwa wiki mbili tatu, bila kundi la kulinganishia lililochaguliwa kwa kura. Mtu akijua anachunguzwa, anapiga mswaki vizuri kuliko kawaida yake. Fizi zake zinapona. Sifa anapewa mmea.

Kinachoniudhi zaidi ni dawa za meno za mimea zinazouzwa kwa kujivunia kwamba hazina floraidi. Mnunuzi anaondolewa kitu chenye ushahidi mzito kuliko vyote, anapewa duara la kwenye sahani, na anaambiwa amepata usalama. Tangu 2021 dawa ya meno yenye floraidi imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Anayependa ladha ya mwarobaini au karafuu hana sababu ya kuiacha. Asome nyuma ya tyubu tu, atafute floraidi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni moja. Vitu hivyo viwili havigombani.

Nikipewa nafasi ya kupendekeza jaribio moja, ningeanza na jino moja. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto. Hakuna jino linalong'oka kulipisha, kwa hiyo wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto na wanangoja ling'oke. Lina mifereji mirefu juu yake ambayo ukoga unaipenda, na ni miongoni mwa meno yanayoanza kutoboka mapema. Wachukuliwe watoto wa umri huo, wote wapewe dawa ya meno yenye floraidi na wafundishwe kupiga mswaki, maana kumnyima mtoto floraidi kwa ajili ya utafiti ni dhuluma. Nusu yao, waliochaguliwa kwa kura, waongezewe dondoo la mmea ambalo kemikali zake zimepimwa na kuandikwa. Nusu nyingine wapewe kitu chenye ladha na rangi ileile kisicho na mmea. Mhesabu matundu asijue nani ni nani. Baada ya miaka mitatu, magego yahesabiwe, na idadi itakayopatikana ichapishwe hata kama ni sifuri.